Saa ya mazoezi kwa mwalimu wa Uyole: namba zipi uziamini, zipi uziache

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Uyole, Mbeya, nina miaka 46. Mama yangu alipata kiharusi, na mwaka jana nami nilikutwa na presha ya kupanda. Daktari amenianzishia dawa na kunisisitiza mazoezi. Natembea na kukimbia kidogo mara nne kwa wiki, na karibu kila mwezi tunapanda mlima Loleza na walimu wenzangu. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amejitolea kuninunulia saa ya mazoezi yenye GPS, bajeti yake ni shilingi 750,000. Lakini pale Mwanjelwa nimeona saa ya 65,000 inayopima presha, sukari, oksijeni na mapigo ya moyo, vyote kwa pamoja. Je, kuna haja ya kumtia kaka hasara? Na namba zinazotolewa na saa hizi nizitegemee kwa kiasi gani?

JIBU: Ndaga fijo, Mwalimu, kwa swali lililojitosheleza. Nianze na hiyo saa ya Mwanjelwa, maana inanitia hofu, na ningependa uiache huko huko dukani hata wakikupunguzia bei.

Tuanze na sukari. Hakuna saa inayoweza kupima sukari ya damu kwa kugusa ngozi tu. Sukari hupimwa kwa tone la damu, au kwa kihisi chenye kisindano kinachokaa chini ya ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayejichoma insulini kwa kufuata namba ya saa ya namna hiyo anaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo ukiona neno "sukari" kwenye boksi la saa, usiishie kuitilia shaka sukari peke yake. Aliyethubutu kuandika hilo hawezi kuaminika kwenye presha pia.

Na presha ndiyo iliyokuleta kwangu. Mashine ya kawaida ya presha inaubana mkono mpaka damu isimame, kisha inaulegeza taratibu na kufuatilia damu inavyorudi. Saa yenye taa tu haibani chochote, inakisia. Kampuni kubwa zenyewe zinajua ugumu huo. Samsung, ambao baadhi ya saa zao zina kazi ya kupima presha katika nchi kadhaa, wanamtaka mtumiaji ailinganishe saa na mashine ya mkono kila baada ya siku 28, la sivyo saa haina pa kuanzia. Huawei, walipotengeneza Watch D, walilazimika kuweka mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda ili ujae na kubana kama mashine yenyewe. Sasa saa ya 65,000, isiyobana na isiyowahi kulinganishwa na mashine yoyote, namba yake inaitoa wapi? Nyingi ya hizo hukuuliza umri na uzito, halafu zinakupa namba inayomfaa mtu wa umri na uzito huo.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na asilimia kubwa ya watu ninaowahudumia ni walionusurika kiharusi. Mzee mmoja aliletwa na wanawe akiwa ameacha dawa kwa miezi mitatu, kwa kuwa saa yake ilimwambia kila asubuhi kwamba presha ni 121 kwa 79. Tulipomfunga mashine mkononi ilisoma 168 kwa 102. Saa ilikuwa mkono wa kushoto, mashine mkono wa kulia, kwa wakati ule ule.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu mgawanyo wa fedha za kaka yako. Kabla hamjafikiria saa, itoke hapo mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, ya kielektroniki, yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, basi pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua. Kisha, siku saba mfululizo, asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni: kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara 2 ukipisha dakika 1, uandike zote kwenye daftari. Namba za siku ya kwanza ziache, tafuta wastani wa zilizobaki. Hospitalini tunaanza kusema presha iko juu kwenye 140 kwa 90. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka ni 135 kwa 85. Daftari hilo mpelekee daktari wako. Litamsaidia kuliko grafu yoyote ya saa.

Hilo likishakaa sawa, saa nzuri ya GPS ina kazi kubwa ya kukufanyia, na mimi mwenyewe sitoki nje kukimbia bila yangu. Lakini ili uitumie vema lazima ujue kwamba, kati ya namba zote inazokuonyesha, zile inazozipima moja kwa moja ni chache mno. Ina taa na kihisi cha mwanga upande wa ngozi, kwa ajili ya mapigo ya moyo. Ina kihisi cha mtikisiko kinachojua mkono unavyotembea. Ina kipokezi cha setilaiti. Na baadhi zina kihisi cha mgandamizo wa hewa. Basi. Kalori, hatua za usingizi, "umri wa mwili", uchovu, kiwango cha pumzi, vyote hivyo ni hesabu zilizopikwa kutoka kwenye vitu hivyo vinne pamoja na umri, uzito na jinsia ulivyojaza mwenyewe. Kadiri namba inavyokaa mbali na kihisi chake, ndivyo unavyopaswa kuipunguzia imani.

Tuyachukue mapigo ya moyo, maana ndiyo utakayoyatazama zaidi. Ile taa ya kijani inayometameta mgongoni mwa saa inamulika mishipa midogo iliyo chini ya ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu inajaa na mwanga unaorudi unapungua. Moyo ukipumzika, mwanga unaorudi unaongezeka. Saa inahesabu mawimbi hayo. Ukiwa umekaa au unatembea, kazi hiyo inafanyika vizuri sana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima saa saba za mkononi, na sita kati yake zilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5.

Tatizo linakuja kwenye baridi na mtikisiko, na sisi wa Mbeya tunavyo vyote viwili. Asubuhi moja ya Juni, saa kumi na mbili kasoro, nilitoka Forest kuelekea Mafiati nikiwa na saa mpya. Baada ya dakika tano tu ikasema moyo wangu unapiga 178. Nilikuwa nakimbia polepole, naweza kuongea. Nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni, nikahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne: 124. Hiyo 178 ilikuwa idadi ya hatua zangu kwa dakika. Baridi hubana mishipa midogo ya mkono, mawimbi ya damu yanafifia, na saa inaposhindwa kuyaona inadaka mtikisiko wa miguu na kuuhesabu kama mapigo. Watu wengi wamekimbilia hospitali kwa namba kama hiyo, na wengine, kwa bahati mbaya, wameizoea wakaja kupuuza namba ya kweli.

Dawa yake ni rahisi. Vuta saa juu kidogo, upana wa vidole viwili kutoka kwenye kile kifupa cha kifundo cha mkono, uikaze isichezecheze lakini isiache alama nyekundu. Miezi ya Juni na Julai vaa sweta ya mikono mirefu juu ya saa, na upashe mwili moto dakika kumi kabla ya kuamini chochote. Ukitaka uhakika zaidi, upo mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo badala ya mwanga. Polar, kampuni ya Finland iliyoanzishwa mwaka 1977, ndiyo iliyovumisha mikanda hii kwa wakimbiaji, na mpaka leo hakuna kipimo cha kuvaa kinachoupita kwa kukimbia kwa kasi. Kwako wewe, unayetembea na kukimbia kidogo, sioni haja.

Najua utauliza kuhusu ngozi nyeusi, na ni haki yako, kwa sababu vifaa vingi hujaribiwa kwa watu wasiofanana nasi. Kwa mapigo ya moyo habari ni njema kiasi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 ulilinganisha rangi mbalimbali za ngozi na haukukuta tofauti ya maana, mtikisiko wa mwili na ubora wa kifaa ndivyo vilivyoharibu namba zaidi. Kwa oksijeni habari si njema. Mwaka huo huo wa 2020, utafiti wa hospitali za Marekani ulionyesha kwamba hata vile vipimo vya kubana kidoleni vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kama kifaa cha hospitali, kinachopitisha mwanga ndani ya kidole kilichotulia, kinakosea hivyo, cha mkononi kinachotegemea mwanga uliorudi kitakosea pia. Na usisahau tunaishi wapi. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Mtu mzima mwenye afya hapa kusoma 95 si ajabu, na ukienda Kitulo itashuka zaidi. Usilale macho kwa ajili ya asilimia mbili. Lakini ukishindwa kupumua ukiwa umekaa, nenda hospitali hata kama saa inasema 99.

Sasa kuna jambo hukulitaja nalo ni muhimu: jina la dawa yako. Kama ni atenolol, bisoprolol, propranolol au ndugu zao, dawa hiyo inauzuia moyo kwenda mbio. Saa haijui hilo. Yenyewe itachukua 220, itoe umri wako, ipate 174, na kutoka hapo ikugawie kanda za mazoezi. Mazoezi ya wastani, kwa hesabu hiyo, yangekuwa kama mapigo 111 hadi 132. Ukiwa kwenye dawa za namna hiyo unaweza kupanda mlima mpaka jasho linatiririka na saa ikaendelea kukuambia "ongeza bidii". Ukiitii unajiumiza. Hata bila dawa, kanuni ya 220 inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 au 12 juu au chini, kwa sababu ni wastani wa watu wengi. Nawafundisha watu wangu kipimo cha mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba pambio, uko kwenye mazoezi ya wastani, ukishindwa kumaliza sentensi, umevuka. Fanya hivyo wiki mbili za kwanza huku ukichungulia saa, utajua mwenyewe "wastani" wako ni namba ngapi, kisha uiandike hiyo kwenye mipangilio badala ya ile ya kiwandani.

Katika namba zote za moyo, ninayoipenda kuliko zote ni ya mapigo ya kupumzika, yale ya usiku ukiwa umelala. Mwili umetulia, mkono una joto, saa haina cha kuichanganya. Kwa watu wazima 60 hadi 100 ni kawaida, na anayefanya mazoezi mara nyingi hushuka chini ya 60. Ukishika mazoezi miezi mitatu utaiona inashuka taratibu, na hiyo ni ripoti ya kweli ya moyo wako. Ikipanda ghafla kwa mapigo 7 au 10 siku mbili tatu mfululizo, mwili unapambana na kitu: homa inakuja, hujalala, au umejikaza mno. Yangu ilipanda kutoka 54 hadi 63 usiku mmoja kabla sijajua kwamba naumwa mafua makali. Siku kama hizo pumzika.

Na kwa kuwa mama alipata kiharusi, kuna kazi moja ya saa za bei ya juu ambayo ningeitaja: kugundua mapigo yasiyo na mpangilio. Moyo ukipiga ovyo ovyo, damu huweza kuganda ndani yake na kipande kikakimbilia kwenye ubongo. Utafiti wa Apple na Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watu zaidi ya 419,000. Waliopata tahadhari walikuwa kama nusu ya asilimia moja tu, na kati ya wale waliovalishwa kipimo cha hospitali baadaye, kama theluthi walikutwa kweli na hitilafu hiyo. Maana yake ni kwamba tahadhari ikija, nenda kapimwe. Isipokuja, usijihesabu umesalimika. Ila saa ya Apple inataka iPhone, inachajiwa karibu kila siku, na inavuka bajeti. Kwako wewe, kupima presha vizuri na kumeza dawa bila kuruka kunakinga kiharusi kuliko tahadhari hiyo.

Tuje kwenye GPS. Kwanza angalia ulaghai mdogo wa maneno ya dukani: saa na bangili nyingi za bei nafuu zinaandikwa "GPS" kumbe zinaazima ya simu yako. Ukiacha simu nyumbani, hazijui uko wapi. Kwa mfano Xiaomi Smart Band 8 ya kawaida haina kipokezi chake, ila 8 Pro inacho. Muulize muuzaji hivi: nikiacha simu nyumbani, nitapata ramani ya njia yangu? Akisitasita, jibu umelipata.

Kipokezi cha kweli husikiliza setilaiti zilizo kama kilomita 20,000 juu, za Marekani, na siku hizi pia za Urusi, Ulaya na China. Inahitaji angalau nne kwa wakati mmoja, na hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika. Uwanja wazi wa Uyole kosa lake ni mita chache tu. Ukiingia kwenye misonobari ya Kawetere, njia ya Chunya, au ukipita chini ya ukuta wa mlima, mawimbi yanagonga miti na miamba kabla ya kukufikia, na saa inadhani umezurura. Saa zinazopokea mawimbi ya masafa mawili hujitetea vizuri zaidi hapo. Lakini kosa kubwa ninaloliona kila Jumamosi linatokana na haraka: mtu anawasha, anakimbia, huku saa bado inatafuta setilaiti. Simama dakika moja mahali palipo wazi, ngoja ikubali, ndipo uanze. Na usiku uliotangulia iunganishe na simu yenye bando, kwa sababu inapakua ratiba ya setilaiti humo. Isipoipata, itahangaika muda mrefu.

Kuijaribu si lazima uwe na vifaa. Chagua njia moja, ipite mara tatu siku tofauti. Ikikupa 5.02, 5.05 na 4.99, umepata saa. Ikikupa 4.6, 5.3 na 5.0, irudishe mapema, wakati duka bado linapokea. Ile kasi inayoonekana papo hapo kwenye skrini usiifukuzie, inarukaruka. Tazama wastani wa kilomita nzima. Na kwa milima yetu kasi haina maana kabisa. Kilomita moja ya kupanda kuelekea Iganzo inaweza kuchukua mara mbili ya kilomita ya Uyole, na moyo ukawa umefanya kazi ile ile au zaidi.

Kwa anayepanda Loleza, hapo ndipo kihisi cha mgandamizo wa hewa kinapolipa gharama yake. GPS ni dhaifu kwenye urefu wa kwenda juu, kuliko kwenye njia ya ardhini. Kihisi cha hewa hakitegemei setilaiti: ukipanda, hewa inapungua uzito, nacho kinaona. Katika mwinuko wetu, kila hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo wa hewa) inayopungua ni kama mita 10 ulizopanda. Ni kipimo kizuri, ila kina adui wawili. Wa kwanza ni hali ya hewa. Mvua ikijongea na mgandamizo ukashuka hektopaskali 3, saa itaamini umepanda mita 30 ukiwa umeketi chini ya mti unakula ndizi za kuchoma. Irekebishe asubuhi kabla ya kuanza safari, na ukifika kileleni, ambako ni mita 2,656, ilinganishe. Wa pili ni vumbi letu la Agosti mpaka Oktoba, likichanganyika na jasho. Pembeni mwa saa kuna vitundu vidogo. Vikiziba, mlima unakuwa tambarare kwenye ramani. Zioshe kwa maji safi baridi, bila sabuni na bila pini. Sabuni na maji ya moto hula mipira inayozuia maji, hata kama saa imeandikwa mita 50. Hizo mita 50 ni mgandamizo wa maabara, hazikukusudiwa bafu la moto.

Yale mengine niyapitie kwa haraka. Kalori zipuuze: katika utafiti ule ule wa Stanford, saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Usiongeze sahani ya wali kwa sababu saa imesema umechoma 600. Usingizi: muda wa kulala na kuamka inaupata kwa karibu, lakini mgawanyo wa usingizi mzito na wa ndoto unahitaji kupima ubongo, na saa haiko kichwani. Ile namba ya uwezo wa pumzi (VO2 max) usiilinganishe na ya kaka yako. Yeye anakimbia kwenye hewa nzito ya pwani, wewe kwenye nyepesi. Ilinganishe na yako ya mwezi uliopita.

Hatua nazo zinahitaji uungwana kidogo. Hizo 10,000 kwa siku hazikutoka kwa daktari. Zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa baada ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulikuta faida inaanza kuonekana kwenye hatua kama 4,400 na kufika ukomo karibu na 7,500. Na mkono unadanganya. Ukifua, ukisonga ugali, ukilima viazi, saa inahesabu hatua ambazo miguu haikupiga. Ukibeba ndoo kichwani na kuishikilia, unatembea kilomita nzima na saa haihesabu kitu. Kwa mwanamke wa huku hilo ni kosa kubwa, maana kazi yake nzito zaidi ndiyo isiyoonekana. Ndiyo maana nakushauri uweke lengo la dakika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kukaza misuli siku 2 au zaidi. Mara nne kwa dakika 40 umeshafika 160. Jembe likikufanya uheme kwa ile namna ya "naongea lakini siimbi", lihesabu nalo.

Sasa saa yenyewe. Baada ya kutoa mashine ya presha, ningemwambia kaka atazame mbili. Garmin Forerunner 55, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 199, ni ya zamani kidogo lakini imara, ina vitufe vya kubonyeza hata mikono ikiwa na jasho au glavu, na inakaa na chaji kama wiki mbili bila GPS. Haina kipimo cha oksijeni, na kwa niliyoyasema hujapoteza kitu. Haina pia kihisi cha mgandamizo wa hewa, na hapo kwa Loleza utapungukiwa. Coros Pace 3 ya mwaka 2023, iliyotoka kwa dola 229, inacho, inapokea masafa mawili, na GPS yake inaweza kwenda saa 38 kwa chaji moja. Umeme ukikatika siku mbili haitakutupa. Ningekuwa mimi nikiwa na miguu yako na mlima wako, ningechukua hiyo ya pili. Ikiwa bei ya Dar imepanda mno, chukua ya kwanza bila kinyongo. Forerunner 165 ni nzuri na skrini yake inapendeza, lakini ilianza kwa dola 249, na sitaki ile tofauti itoke kwenye fungu la mashine ya presha.

Ukishaiwasha, programu ya simu itakuomba kushiriki njia zako na watu wengine. Kataa kwanza. Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilifichua kambi za kijeshi kwa sababu tu askari walikimbia wakiwa na saa; mwanamke anayetoka nyumba ile ile saa kumi na moja alfajiri hana sababu ya kuichora njia yake hadharani. Kuna kipengele cha kuficha mita mia kadhaa kuzunguka nyumbani, kitumie hata kwa marafiki.

Kaka akifika dukani, aombe boksi lifunguliwe mbele yake, aiunganishe saa na programu halisi ya kampuni kwenye simu yake mwenyewe, na namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo ndani ya saa. Bandia hukwama kwenye hatua hiyo. Kisha anunue waya wa chaji wa pili. Saa hizi hazichaji kwa waya wa simu, kila kampuni ina kichwa chake, na ukiupoteza huu wa kwanza utazunguka Kabwe mpaka Mwanjelwa usiupate, huku saa ya laki kadhaa imelala kabatini.